Kigumba Hakiendi Inakokwenda Ncha ya Mazoezi: Pa Kuanzia Kutafuta

Jioni moja mwishoni mwa Agosti nilipiga mishale sita kwa yadi 30, mita 27 na kidogo, yote ikiwa na ncha za mazoezi, na yote ikaingia ndani ya eneo la kisahani cha kikombe. Nikafungua zile ncha, nikafunga vigumba, zile ncha za kuwindia zenye makali, vya uzito uleule, greni 100. Mshale wa kwanza ukaenda shubiri nzima kushoto. Wa pili ukashuka vidole vinne. Wa tatu ukaingia katikati kana kwamba hakuna kilichotokea. Upinde uleule, mkono uleule, na upepo ulikuwa umelala.

Hapo wengi hukimbilia kilengeo, wakakisogeza mpaka kigumba kigonge katikati, wakaridhika. Usikiguse. Kilengeo hakijui kwa nini mshale unaruka upande. Ukikisogeza umeficha ugonjwa, na ugonjwa huo utajitokeza tena siku ya baridi, ukiwa juu ya mti, mbele ya kulungu aliye hai.

Mimi nimekulia pwani, kwa hiyo jambo hili nalielewa kwa jahazi. Mabawa ya nyuma ya mshale ni usukani. Ncha ya mazoezi ni mviringo, upepo hauna pa kuishika, na usukani unafanya kazi yake bila kupingwa. Kigumba chenye mbao mbili au tatu za chuma, yaani bapa zake zenye makali, ni tanga ulilolitweka mbele kabisa ya chombo. Mshale ukitoka umenyooka, tanga hilo halishiki kitu. Ukitoka umeinama hata kidogo, linajaa upepo na kuanza kuvuta, na usukani wa nyuma unabaki kupigana nalo hadi mwisho wa safari. Kigumba basi hakileti kosa jipya. Kosa lilikuwapo tangu zamani, ila ncha ya mazoezi ilikuwa inalisamehe.

Kwa sisi Waislamu suala hili lina uzito wa ziada. Adi bin Hatim alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mnyama aliyepigwa kwa mi'radi, aina ya fimbo ya kuwindia, alijibiwa kwamba aliyepatwa kwa makali yake aliwe, na aliyepatwa kwa ubavu wake asiliwe, kwani huyo amekufa kwa kipigo. Mshale unaoruka umelala upande nauona karibu mno na ile fimbo. Na hata tukiweka fiqhi kando, mnyama aliyechomwa pembeni akaenda kufia kichakani bila kupatikana ni deni ambalo mwindaji hawezi kulilipa.

Ninayoyaandika ni ya upinde wa kapi (compound), wenye magurudumu kwenye ncha zake, ule unaotumika na wengi wetu tulioko Marekani. Hapa Missouri una historia ya nyumbani: Holless Wilbur Allen, mtu wa jimbo hili hili, ndiye aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Msimu wa upinde kwa kulungu mkia-mweupe hufunguliwa Septemba 15 na kwenda hadi Januari 15, ukikatizwa na siku za bunduki mwezi Novemba. Aliyeko Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, achukue yanayomfaa kwa shabaha tu.

Kabla ya yote, usalama. Wano (mwili wa mshale) la kaboni lenye ufa linaweza kupasuka wakati wa kufyatua na kuingia mkononi vipande vipande. Kabla ya kila raundi shika wano ncha zote mbili, likunje taratibu, lizungushe, likunje tena, na sikiliza. Likilia hata kidogo, livunje makusudi ulitupe, mtu mwingine asije akaliokota. Na vigumba vifungwe kwa ufunguo wake maalumu, si kwa vidole.

Vigumba vinatawanyika, kila kimoja na njia yake

Hii ndiyo dalili niliyokuwa nayo mimi, na ndiyo inayowapata wengi. Kama mishale yenye ncha za mazoezi inakusanyika lakini yenye vigumba inatawanyika bila mpangilio, usianze na upinde. Upinde ni mmoja, na kosa lake lingeisukuma mishale yote upande mmoja. Kinachotofautiana ni mishale yenyewe.

Andika namba kwenye kila mshale, 1 hadi 6, kwa kalamu ya wino mzito. Piga kila mmoja mara tatu, na andika daftarini ulipoangukia. Raundi ya tatu ikiisha utaona kitu: namba 4 inakwenda kushoto kila mara, namba 2 inashuka kila mara, nyingine ziko sawa. Mtawanyiko uliouona mwanzo ulikuwa mishale miwili mibovu ndani ya kundi la wazima.

Sasa chukua namba 4. Simamisha kigumba chake juu ya ubao mgumu, wano likiwa wima, na ulizungushe kama pia kwa vidole viwili. Usiangalie mabawa. Angalia pale kigumba kinapokutana na wano. Mshale mzima huzunguka pale umetulia kama maji ya mtungi. Mshale mbovu hutetemeka, na mtetemo huo utausikia kwenye vidole kabla ya macho kuuona. Ukiwa na vigurudumu viwili vya kulazia mshale ni bora zaidi, lakini ubao na vidole vinatosha.

Ukitetemeka, weka kigumba kingine kwenye mshale huohuo. Mtetemo ukiisha, kigumba cha kwanza kimepinda, kiondoe. Ukibaki, tatizo liko kwenye wano au kwenye soketi, kile kipande cha chuma kilichogundishwa ndani ya wano ambamo kigumba hufungwa.

Mara nyingi chanzo ni jinsi wano lilivyokatwa. Mawano yangu yalikatwa na duka moja kwa haraka, nami sikuyakagua. Nilipopaka wino mweusi kwenye mdomo wa wano namba 4 na kuusugua taratibu kwenye kijiwe cha kusawazishia, huku nikilizungusha, wino ulitoka upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki mweusi tii kama haujaguswa. Maana yake mdomo ulikuwa umekatwa mshazari, na soketi iliyoukalia ilikuwa imeinama nao, na kigumba nacho. Unene wa mshazari ule haukufika hata wa karatasi mbili. Kwa ncha ya mazoezi si kitu. Kwa kigumba ilikuwa shubiri nzima yadi 30 mbele.

Dawa ni kusugua mpaka wino uishe mdomo mzima kwa usawa, basi, usiendelee. Kama soketi imegundishwa kwa gundi ya moto, funga ncha ya mazoezi, pasha moto ile ncha (usipashe kaboni yenyewe, joto kali huiharibu), vuta soketi, safisha, sugua mdomo wa wano, kisha sugua na uso wa soketi, na ugundishe upya ukiwa unaizungusha ili gundi ienee. Kama imegundishwa kwa gundi ya kudumu, utasugua ulichonacho juu ya soketi hiyohiyo. Fanya hivyo kwa nyuma pia, upande wa noki, kile kipande cha mkiani kinachobana kwenye upote (kamba ya upinde), maana noki iliyokaa mshazari inasukumwa na upote kwa pembe.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupasha wano la mti motoni na kulinyoosha kwa meno. Alumini nayo hunyooshwa. Kaboni haina nyoosho: ama imenyooka, ama inabaki ya kupigia mazoezi.

Kama mshale unazunguka vizuri lakini bado unakwenda kivyake, angalia noki. Tafuta ufa mwembamba kwenye koo lake. Bana noki zote moja moja kwenye upote: zote zibane sawa, zitoe mlio mmoja mdogo, na mshale uweze kuning'inia kwenye upote lakini udondoke ukigonga upote kwa kidole. Kisha zungusha noki ya mshale mkaidi theluthi moja ya mzunguko, ili bawa jingine liwe juu, upige tena. Wano lolote lina upande mmoja mgumu kidogo kuliko mwingine, na kuna mishale inayokataa kukaa kundini mpaka upande huo ugeuzwe. Nimeokoa mingi kwa njia hii bila kutumia hata senti.

Pima na uzito. Vigumba vilivyoandikwa greni 100 vinaweza kutofautiana. Greni 100 ni gramu 6.48 tu, kwa hiyo mizani ya jikoni haitakusaidia. Tafuta ile ndogo ya sonara. Mimi huvipanga vigumba kwa uzito, na vinavyopishana zaidi ya greni 2 navitenga.

Vigumba vinakusanyika vizuri, lakini mbali na ncha za mazoezi

Ukifika hapa, shukuru. Mishale yako ni mizima, na kilichobaki ni upinde unaoisukuma kwa pembe ileile kila mara.

Piga mishale mitatu yenye ncha za mazoezi kwa yadi 20, kisha mitatu yenye vigumba, ukilenga alama ileile. (Usipige kigumba cha pili kabla ya kuchomoa cha kwanza: utakata mabawa, au utapasua noki.) Tazama vigumba viko upande gani wa ncha za mazoezi, kisha sogeza kitegemeo cha mshale kuelekea kule unakotaka vigumba viende. Vigumba vikiwa kushoto kwa ncha za mazoezi, kitegemeo kiende kulia. Vikiwa chini, kitegemeo kipandishwe. Vikiwa juu, kishuke. Sogeza chini ya milimita moja kila mara, piga tena, tazama. Makundi mawili yatakaribiana. Yakiungana, rudi yadi 30, kisha 40, ukifanya vilevile. Yakiungana kote, hapo sasa ndipo unaposhika kilengeo, na makundi yote mawili yatakufuata pamoja.

Uvumilivu wa milimita moja ndio unaowashinda watu. Mtu husogeza tatu kwa mpigo, vigumba vikarukia upande wa pili, akakata tamaa na kusema upinde umerogwa.

Kama umesogeza kitegemeo mpaka kwa macho unaona mshale haumo tena kwenye mstari wa upote, simama. Kitegemeo si tatizo lako. Rudisha katikati na uangalie kapi. Kapi ya juu ikiwa imeinama upande mmoja, upote unasukuma noki kwa mshazari. Kwenye pinde ambazo kebo yake hugawanyika kama panda ya manati kabla ya kufika kwenye kapi, marekebisho hufanywa kwa kuongeza au kupunguza misokoto kwenye tawi moja. Mkia wa mshale ukiwa unakwenda kushoto, ongeza msokoto kwenye tawi la kushoto, au punguza la kulia. Kazi hii inataka mashine ya kubana upinde. Usijaribu kuifanya kwa mikono na goti. Nguvu iliyomo kwenye mikono ya upinde inavunja mfupa.

Utajuaje mkia unakwenda wapi? Kwa karatasi. Tandaza gazeti kwenye fremu, simama hatua mbili nyuma yake, weka shabaha mbele, upige kupitia karatasi. Ncha huacha tundu, mabawa huacha michano. Michano ikizunguka tundu lilelile, mshale umetoka umenyooka. Ikiwa juu ya tundu, mkia ulikuwa juu: pandisha kitegemeo kidogo au shusha pale noki inapokaa kwenye upote. Ikiwa chini, kinyume chake. Karatasi naipenda kwa sababu inakuonyesha kosa likiwa bado changa, kabla mabawa hayajalinyoosha. Lakini neno la mwisho sikuzote ni la vigumba vyenyewe kwenye shabaha.

Mkia ukikataa kunyooka kwa lolote, uliza ugumu wa wano. Namba iliyoandikwa ubavuni, 300, 340, 400, 500, inapatikana hivi: wano hulazwa juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 28, hutundikwa uzito wa gramu 880 katikati, na hupimwa limelegea kiasi gani. Namba 400 ni mlegeo wa inchi 0.400. Kwa hiyo namba kubwa ni wano laini, na wengi hulielewa hili kinyume. Kadiri unavyoongeza uzito wa mbele, urefu wa wano au nguvu ya upinde, ndivyo wano linavyojipinda zaidi likisukumwa. Mtu aliyekuwa sawa na greni 100 akahamia 125 kwa sababu vilikuwa bei nafuu, amelilainisha wano lake bila kujua. Tazama jedwali la mtengenezaji wa mawano kwa nguvu na urefu wako, na ukiwa kwenye mpaka wa namba mbili, kwa vigumba chukua lile gumu zaidi.

Kupanda na kushuka tu, kulia na kushoto hakuna shida

Nyunyiza poda ya miguu kwenye mabawa na kitegemeo, upige mshale mmoja. Mahali poda ilipofutika ndipo bawa linapogonga. Kitegemeo cha kuanguka, kile kinachoshuka mshale ukifyatuliwa, kisipoanguka kwa wakati hugonga bawa la chini na kuurusha mkia juu. Rekebisha kamba yake. Kama poda iko salama, chunguza kitanzi cha kamba kwenye upote kama kimeteleza. Mimi nilikiwekea alama ya wino mweupe juu na chini, nikitazama tu najua. Kwenye upinde wa kapi mbili, vuta mbele ya mwenzako akutazamie kama kapi zote zinafika kikomo pamoja. Moja ikitangulia, noki inapandishwa au kushushwa njiani.

Kulia na kushoto, leo hivi na kesho vile

Mishale imekaguliwa, upinde umerekebishwa, na bado vigumba vinakwenda kulia asubuhi na kushoto jioni? Hapo ni mkono, ndugu yangu, na hakuna bisibisi ya kuufunga.

Mshiko wa upinde haushikwi kama jembe. Ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vilegee, vifundo vielekee pembeni kama mtu anayemsukuma mwenzake mlangoni bila kumuumiza. Ukiukamata kwa nguvu unausokota, na msokoto wa kiganja kigumba huukuza mara nyingi kuliko ncha ya mazoezi. Jaribio ni rahisi: vuta ukiwa umefumba macho, tulia, fumbua, na uangalie kama upinde unataka kugeuka wenyewe. Kingine ni shavu. Upote ukiingia ndani ya shavu huutupa mshale pembeni. Uguse tu ncha ya pua na kona ya mdomo.

Na nguo! Mwezi Agosti unapiga na fulana. Novemba umevaa koti nene, na upote unalamba mkono wa koti. Piga vigumba ukiwa umevaa yale utakayovaa msituni, angalau siku tatu kabla.

Yadi 20 sawa, yadi 40 vurugu

Usukani ni mdogo kuliko tanga. Mabawa mafupi yaliyonyooka hutosha kwa ncha za mazoezi lakini hushindwa na kigumba kipana, hasa mshale unaokwenda kasi ya futi 280 kwa sekunde na zaidi. Weka mabawa marefu zaidi, au manne badala ya matatu, na yagundishwe kwa mshazari ili yauzungushe mshale.

Pima na mizania ya mbele. Laza mshale ukiwa na kigumba chake juu ya ukingo wa kisu mpaka usimame sawa. Pima kutoka koo la noki hadi hapo, toa nusu ya urefu wa wano, gawanya kwa urefu wa wano. Wano langu ni inchi 28 na linasimama kwenye 17.5, kwa hiyo ni 3.5 kwa 28, yaani asilimia 12.5. Kati ya 10 na 15 ni mahali pazuri kwa uwindaji. Chini ya hapo mkia unakosa uwezo wa kuongoza.

Mluzi, na vigumba vya kukunjuka

Mlio wa filimbi hutoka kwenye matundu ya mbao za chuma, na mara nyingi ni umbo lake tu. Mlio wa kupepea ni bawa lililobanduka.

Vigumba vya kukunjuka hufunga mbao zake njiani na kuzifungua vikigonga, kwa hiyo husamehe zaidi. Kikienda ovyo ghafla, pete yake ya mpira imekatika na kimefunguka hewani. Badilisha pete kila baada ya kupiga, na soma kanuni za jimbo lako kwanza. Lakini usivinunue ili kukwepa kazi niliyoieleza hapo juu. Mshale ulioinama hupoteza nguvu ukiingia, hata kama umegonga ulipolenga.

Kilichonichukua mimi mwaka ule ni majioni manne. Mishale minne ilipita, miwili ikabaki na ncha za mazoezi moja kwa moja. Ile minne niliwekea mbao mpya, kwa sababu zilizopigwa kwenye sponji zimeshakuwa butu, nikaizungusha tena kila mmoja kama pia, kisha ndiyo nikaitia podoni. Tangu hapo, kila asubuhi ya wiki ya mwisho natoka na mshale mmoja tu, mwili ukiwa bado baridi, yadi 30, kigumba juu yake. Napiga mara moja na naandika ulipoangukia. Huo ndio mshale ninaouhesabu.